Dondoo muhimu: Breketi ya alteneta kwenye Chevrolet 235
Malori ya Chevrolet ya miaka ya 1950 yenye injini ya 235, ya silinda 6 za mstari mmoja, yalitoka kiwandani na dainamo. Ukitaka kufunga alteneta, usikimbilie bamba la chuma. Kata kwanza kadibodi yenye umbo la breketi, uijaribishe kwenye matundu ya boliti yaliyopo tayari kwenye bloku. Chuma cha mm 6 hadi 8 kinatosha.

Kazi yenyewe ipo kwenye puli. Laza rula ndefu ya chuma toka puli ya krenki hadi ya alteneta. Ukiona mwanga unapenya, rekebisha kwa washa. Mimi siachi hata mm 1, maana mkanda uliokaa upande hulia, kisha hulika pembeni. Betri ikiwa imechomolewa, shikiza vipande vya breketi kwa nukta za weldi, halafu toa breketi ukamalizie kuchomelea mezani.