Kinda wa Shakwe Akianguka Bustanini

Kila Juni na Julai, katika miji ya pwani ya Uingereza kama Brighton na Aberdeen, kuna watu wanaofungua mlango wa nyuma na kumkuta kinda wa shakwe kwenye nyasi, wa kijivu mwenye madoa meusi, akilia kwa sauti nyembamba. Mwenye huruma hukimbilia boksi. Nakuomba usubiri kwanza, kwa sababu kinda huyo karibu kila mara ana wazazi, nao wako juu ya paa wakimtazama.

Shakwe wanaozoeleka mijini, wakubwa, wenye mgongo wa kijivu na miguu ya waridi, hutaga mayai mawili au matatu kuanzia mwezi Mei, mara nyingi pembeni ya dohani. Makinda huanguliwa macho yakiwa wazi, na baada ya siku chache tu huzungukazunguka juu ya paa. Wengine huteleza na kuanguka. Wengine hushuka wakiwa na umri wa wiki tano au sita, wanapojaribu kuruka kwa mabawa ambayo hayajapata nguvu, kisha hukaa chini siku kadhaa, pengine wiki na zaidi. Muda wote huo wazazi huwalisha huko huko waliko. Mzazi hutua, kinda hudonoa doa jekundu lililo kwenye mdomo wa mzazi huyo, naye mzazi hutapika chakula. Mtaalamu Niko Tinbergen, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, alilichunguza sana doa hilo. Ukimwingiza kinda ndani, umemnyang'anya walezi ambao huwezi kuwafikia kwa ustadi.

Basi mtazame kupitia dirishani kwa saa moja au mbili. Anasimama? Mabawa yote mawili yamekaa sawa? Kama ni mzima, funga mbwa na paka, waeleze watoto wasimsogelee, na umwekee maji kwenye bakuli lisilo na kina. Ubao ulioegemezwa ukutani utamtosha kwa kivuli na maficho. Usimpe mkate wala maziwa, na usimmiminie maji mdomoni, kwa maana yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa yakamuua.

Kumsogeza ni kwa hatari ya kweli tu, kwa mfano akiwa barabarani. Vaa glavu, mfunike kwa taulo, mbane mabawa taratibu, kisha mweke juu ya paa fupi lililo karibu, kama la gereji au la kibanda cha vifaa, ambako wazazi watamwona na kumsikia. Usipande ngazi kumrudisha kwenye paa kuu: unaweza kuanguka, na makinda waliobaki huko wanaweza kuruka kwa hofu. Fungua mwavuli unapotoka, kwani wazazi hushambulia kutoka juu na hulenga kichwa. Wanamlinda mtoto wao tu, na akishaweza kuruka watatulia.

Akiwa anavuja damu, bawa linaning'inia au hawezi kusimama, hapo sasa boksi lina kazi. Litoboe matundu, tandika taulo, lifunike, liweke mahali pa joto penye utulivu, na usimpe chakula. Piga simu RSPCA ukiwa England au Wales, Scottish SPCA ukiwa Scotland, au kituo cha kuokoa wanyamapori kilicho karibu. Sheria ya mwaka 1981 ya kulinda wanyamapori inawakinga shakwe, mayai yao na viota vinavyotumika, lakini inaruhusu kumchukua ndege aliyejeruhiwa ili atibiwe na kuachiwa. Kinga hiyo wanaihitaji: tangu 2009 shakwe hawa wamo katika orodha nyekundu ya ndege waliopungua mno nchini Uingereza.

Lakini akitetemeka, shingo ikijipinda au akiyumba bila jeraha, usimguse kabisa. Mafua ya ndege yameua shakwe wengi Uingereza miaka ya karibuni. Piga simu ukiwa mbali naye.

Kinda mzima atajificha vichakani saa nyingi na unaweza kudhani ameondoka. Kagua chini ya ua kabla ya kukata nyasi, na chini ya gari kabla ya kulirudisha nyuma, mpaka umwone mwenyewe akiruka.