Kilimia, Orioni na Nge

Mkulima wa Songea hana budi kuyajua majira. Mvua zetu ni za msimu mmoja: huanza yapata Novemba au Desemba, na kukoma Aprili au Mei. Apandaye mapema mno, mbegu zake huharibika katika udongo mkavu. Naye achelewaye, mvua humwacha kabla mahindi yake hayajakomaa. Watu wa kale wasiokuwa na kalenda waliyasoma majira katika nyota, nasi twaweza kujifunza vivyo hivyo.

1. Kilimia. Mwishoni mwa Novemba, yapata saa mbili usiku, simama mahali peupe, utazame mashariki, kuelekea kaskazini kidogo. Utaona nyota ndogo zilizosongamana kama kishada. Macho mazuri huhesabu sita au saba. Bali kwa darubini zimejulikana zaidi ya 1,000. Jina lake latokana na kulima. Mwezi wa Mei Kilimia hupotea katika mwanga wa jua, na mwezi wa Juni huonekana tena alfajiri. Ndiyo sababu wazee wa pwani husema kwamba kikizama wakati wa mvua, huzuka wakati wa jua.

2. Orioni. Ngoja hata saa tatu na nusu. Upande ule ule wa mashariki, chini ya Kilimia, zitapanda nyota tatu zilizopangwa katika mstari mmoja. Huo ni mshipi wa Orioni. Wayunani wa kale walisimulia kwamba Orioni alikuwa mwindaji, akajisifu kuwa atawaua wanyama wote wa nchi. Nchi ikachukizwa, ikamtoa nge, akamchoma, akafa. Tena walisema kwamba Kilimia ni mabinti saba wa Atlasi, na Orioni huwafuata mbinguni hata leo.

3. Nge. Huyu hupita juu ya vichwa vyetu jioni za Julai, mkia wake umepindika, na moyo wake ni nyota nyekundu. Kwao Wayunani, Orioni hutua kabla moyo wa Nge haujachomoza. Basi wakasema kwamba mwindaji amkimbia adui yake. Lakini katikati ya Mei, saa mbili usiku, tazama ukiwa hapa Songea: Orioni yu chini magharibi, na moyo wa Nge umekwisha kuchomoza mashariki. Twawaona wote wawili pamoja!

Basi, tujifunze nini? Nyota ni zile zile, bali hadithi hufuata mahali asimamapo msimuliaji. Nyota ni kazi ya Mungu. Hadithi ni kazi ya watu. Twaweza kuzisimulia kwa furaha, lakini tusiziogope wala kuzitegemea.

Hata Kilimia hakileti mvua. Nuru yake tuionayo usiku huu iliondoka huko yapata miaka 440 iliyopita. Hakijui shamba la mtu. Ni kama saa ya ukutani: hutuambia wakati, lakini haifanyi kazi yetu. Mwaka mwingine mvua hukawia, na Kilimia chatokea siku zake zile zile. Kwa hiyo, kikionekana jioni mashariki, shamba na liwe tayari; lakini mbegu zingoje hata udongo ulowe vema.

Nabii Amosi, katika sura ya 5, mstari wa 8, ataja Kilimia na Orioni. Walakini hatuambii tuzitafute nyota, bali tumtafute Yeye aliyezifanya.

Kwa walimu. Someni Mwanzo 1:14 pamoja na Ayubu 38:31, kisha watoeni wanafunzi nje usiku usio na mbalamwezi. Waulizeni:
1. Kilimia kiko wapi mwezi huu, na saa ngapi?
2. Kwa nini Wayunani hawakuona tuonayo sisi mwezi wa Mei?
3. Kuna tofauti gani kati ya ishara ya majira na mleta mvua?