Dhoruba Ikiwakuta Ugenini: Tulivyoipisha Eunice Tukiwa Stanmore

Msafiri mwenye watoto hashindani na dhoruba, anaipisha. Nalisema hili kwa yakini tangu Ijumaa ya tarehe 18 Februari 2022, dhoruba Eunice ilipoipiga London nasi tukiwa wageni wa dada yangu Stanmore, kaskazini-magharibi mwa jiji. Wengi wetu tuna ndugu huko. Pale Wood Lane, Stanmore, kuna kituo cha jumuiya ya Khoja Shia Ithna-asheri, ambao familia zao nyingi zilitokea Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Kwa hiyo namwandikia yeyote anayejiandaa kupeleka watoto na wazee kusalimia ndugu msimu wa baridi.

Soma saa, usiishie kwenye rangi

Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, hutoa tahadhari za rangi tatu: njano, chungwa na nyekundu. Nyekundu hutolewa kwa nadra, na maana yake ni hatari kwa maisha. Siku ile London iliwekewa nyekundu kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Ukishazijua saa, uamuzi unakuwa mwepesi: jiulize ni jambo gani lisiloweza kungoja saa tano. Sisi hatukuwa nalo. Hata swala ya Ijumaa, shemeji aliswali adhuhuri nyumbani, maana dini imeruhusu hivyo upepo na mvua vinapozidi.

Treni za chini ya ardhi nazo hupita juu

Stanmore ni mwisho wa njia ya Jubilee. Mgeni hudhani treni hizo zote zimejificha ardhini, kumbe kutoka Stanmore hadi karibu na Finchley Road zinapita juu, kwenye upepo na miti. Tawi moja likiangukia reli, utakwama na watoto ndani ya behewa lisilo na choo. Tulikuwa tumepanga kushuka North Greenwich, njia hiyohiyo. Mchana ule upepo ulichana paa la kitambaa la ukumbi wa O2, jirani kabisa na kituo hicho, na waliokuwa ndani wakaondolewa.

Kama ni siku yako ya kuruka, usiende uwanjani kabla shirika halijathibitisha kwamba ndege ipo. Safari inayoanzia Uingereza ikifutwa kwa hali ya hewa, hulipwi fidia, lakini shirika linawajibika kukupa chakula, malazi ukilazimika kulala, na uchaguzi kati ya kurudishiwa nauli au kupangiwa safari nyingine. Dai hayo bila kuona haya.

Andaa nyumba mapema

Asubuhi, kabla upepo haujachacha, tuliingiza ndani viti vya bustanini, tukalaza mapipa ya taka ubavuni mwa nyumba na kufunga madirisha yote. Kisha tukachagua chumba cha chini, upande usio na mti mkubwa wala dohani juu yake, tukavuta makochi mbali na kioo na kushusha mapazia. Milango ifungwe au ikazwe kwa kitu kizito: upepo ukiubamiza mlango, vidole vya mtoto ndivyo vinavyoumia.

Umeme ulikatika kwa zaidi ya nyumba milioni moja nchini. Chaji simu na pawabenki tangu usiku. Tumia tochi, si mishumaa. Kumbuka boila ya gesi nayo huhitaji umeme, hivyo umeme ukienda, joto la nyumba nalo huenda. Tulijaza chupa mbili, moja chai ya tangawizi, nyingine uji wa watoto, tukakusanya mablanketi yote chumba kimoja. Dawa za bibi wa watoto ziliwekwa kwenye mkoba mmoja karibu na mlango. Umeme ukikatika piga 105, ni bure. Maisha yakiwa hatarini piga 999.

Waambie watoto ukweli

Mtoto aliyezoea masika anaijua mvua, lakini hajui uzio wa mbao unavyolia unapong'oka. Tuliwaambia: upepo ni mkali, tumejiandaa, utapungua alasiri. Kila mmoja akapewa kazi: mmoja kutunza tochi, mwingine kusoma tahadhari mpya kila saa na kututangazia. Mwenye kazi hapati nafasi ya kuogopa sana.

Ikitulia, subiri tena

Upepo ukipungua, vigae vilivyolegea na matawi yaliyokatika bado vinaning'inia. Waya ulioanguka usisogelewe kabisa, piga 105. Treni ziliendelea kusumbua hata Jumamosi, na Jumapili dhoruba Franklin ikaanza kuingia. Pamoja na Dudley iliyotangulia katikati ya juma, hizo ni dhoruba tatu zenye majina katika wiki moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu utaratibu wa kuzipa majina uanze mwaka 2015. Kwa hiyo acha siku moja au mbili za akiba kwenye ratiba na fedha za kuzilipia.

Watu watatu walifariki Uingereza siku ile, mmoja wao London, mti ulipoangukia gari. Matembezi yanaahirishika. Ukiona nyekundu, baki ndani na watu wako, na uwapigie ndugu wengine mjini uwaambie nao wabaki.