Majani Yaliyooza ni Chakula cha Shamba

Sisi wa Nakapanya twachoma majani shambani, kisha twauliza kwa nini mahindi yamedhoofika. Watoto wetu huyaona hayo na kuyaiga. Basi tuwafundishe neno lililo jema. Wachimbe shimo, watie majani mabichi na makavu, maganda na samadi, wanyunyize maji, wafunike kwa udongo. Baada ya miezi michache wafukue: majani yamegeuka udongo mweusi, ndiyo mboji. Waambieni kwamba vijidudu vimeyala, na mmea hupata chakula katika mabaki hayo. Wamatengo wa Mbinga hufanya vivyo katika ngoro zao: hulaza nyasi, huzifunika kwa udongo, hupanda maharage juu ya matuta yake. Kisha mtoto apande mchicha penye mboji na pasipo na mboji. Macho yake yatamfundisha kuliko maneno yetu.