Mitego Ndani ya Keneli: Kuitega, Kuisoma na Kuiondoa

Saa saba usiku, seva inahema. Diski inasomwa mfululizo, wateja wanalalamika kwamba ukurasa haufunguki, na kila programu unayoikagua inaonekana haina hatia. Kumbukumbu zake hazikusaidii, kwa kuwa aliyeiandika hakuwahi kuwaza swali unalouliza usiku huu. Ukiizima seva na kuiwasha upya dalili zitapotea, na ushahidi utapotea nazo.

Kwenye Linux ipo njia nyingine: kutega mtego ndani ya keneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo endeshi, huku seva ikiendelea na kazi zake. Unachagua fanksheni moja ya keneli, unaagiza kwamba kila inapoitwa iandikwe ni nani aliyeiita na amebeba nini, kisha unakaa kusoma. Ufundi wa namna hii ulipata jina kubwa kupitia DTrace ya Sun Microsystems, iliyotoka na Solaris 10 mwaka 2005. Linux nayo ilikuwa na kprobes tangu keneli 2.6.9 ya mwaka 2004, ila aliyezitaka alilazimika kuandika moduli kwa lugha ya C, au kutafuta zana ya kumwandikia. Keneli 2.6.33 ya mwaka 2010 ndiyo iliyorahisisha mambo: kwa kazi ya Masami Hiramatsu, mtego ukawa mstari mmoja unaoandikwa ndani ya faili. Mwaka 2019, keneli 5.0 ikaleta faili moja la kusimamia aina mbalimbali za mitego hiyo kwa pamoja, nalo linaitwa dynamic_events. Hilo ndilo tutakalolitumia.

Kwanza, ingia kama root kwa `sudo -i`. Usijaribu kuweka sudo mbele ya echo tu, maana alama ya > hutekelezwa na sheli yako ya kawaida, ambayo haina ruhusa, na utakataliwa bila kuelewa sababu. Kisha nenda kwenye saraka ya ufuatiliaji:

cd /sys/kernel/tracing

Kwenye keneli za kabla ya 4.1 saraka hiyo iko /sys/kernel/debug/tracing. Mafaili utakayoyaona humo hayapo kwenye diski. Ni milango ya kuzungumza na keneli, na chochote unachokiandika humo ni amri.

Kabla ya kutega, pitia faili la available_events. Watunzaji wa keneli wameshaweka vituo vingi vya kudumu kwa ajili ya ratiba ya prosesa, diski, mtandao na kumbukumbu, na vituo hivyo havibadiliki ovyo toleo likibadilika. Nimeona watu wakitega mtego wa kisasa mahali ambapo kituo kilikuwepo miaka yote. Mtego ni wa pale ambapo kituo hakipo, au kipo lakini hakikupi unachokitaka.

Tuseme unataka kujua ni programu gani inayofungua faili fulani la mipangilio kila mara. Katika keneli 5.6 na nyingi zilizofuata, kazi ya kufungua mafaili inapitia fanksheni iitwayo do_sys_openat2, na jina la faili ni hoja yake ya pili. Mtego unaandikwa hivi:

echo 'p:zamu/fungua do_sys_openat2 faili=+0($arg2):ustring' >> dynamic_events

Herufi p inasema mtego uwe mlangoni mwa fanksheni. Ukiandika r utakuwa kwenye njia ya kutokea, na huko unaweza kusoma jibu kwa $retval. Neno zamu ni jina la kundi, na fungua ni jina la tukio. Sehemu ya mwisho inaagiza keneli ichukue anwani iliyomo katika hoja ya pili, iifuate mpaka kwenye kumbukumbu ya programu, isome maandishi yaliyopo na kuyaita faili. Angalia alama za kunukuu: ni moja moja, si mbili mbili. Ukiweka mbili mbili, sheli itadhani $arg2 ni kitu chake, haitakipata, na keneli itapokea mstari wenye tundu.

Majina yasiwe ya kubahatisha. Kundi ukiliacha wazi, tukio litaangukia kundi la jumla liitwalo kprobes, na wahandisi wanne wakifanya hivyo kwenye seva moja hakuna atakayejua kipi ni cha nani. Mimi huweka jina la zamu au la mtu. Tumia herufi, tarakimu na mstari wa chini tu. Kistari cha kawaida hakikubaliki katika jina la tukio.

Na hizo alama mbili za >> si pambo. Alama moja husafisha faili kwanza, na kulisafisha faili hili maana yake ni kufuta mitego yote iliyomo: yako, ya wenzako, ya kila aina. Hili nilijifunza vibaya. Mwenzangu alikuwa ameandika mitego kumi na miwili jioni, ameiacha bila kuiwasha, akisubiri msongamano wa asubuhi. Nikaja usiku na mtego wangu mmoja na alama moja ya >. Asubuhi akaniuliza, "Ndugu yangu, vitu vyangu viko wapi?" Kama hata mmoja ungekuwa umewashwa, keneli ingegoma kufuta yote. Iliyolala haina mtetezi.

Mtego ulioandikwa bado haujafanya kazi. Weka kwanza kichujio, ndipo uuwashe:

echo 'faili ~ "*mipangilio.conf"' > events/zamu/fungua/filter
echo 1 > events/zamu/fungua/enable
cat trace_pipe

Hapa alama moja ya > haina madhara, kwa sababu mafaili haya ni ya tukio moja tu. Kila mstari utakaotoka una jina la programu, namba yake, prosesa iliyotumika, muda, na jina la faili. Jina la programu hukatwa baada ya herufi 15, kwa hiyo usishangae kuona maneno yaliyokatika, fuata namba. Ujue pia kwamba trace_pipe hutoa kile inachokionyesha, ukishakisoma kimekwenda, ilhali faili la trace unaweza kulisoma mara mbili.

Waswahili wanasema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na kichujio hakiubatilishi usemi huo. Mtego wetu unampata kila anayefungua faili lolote kwenye seva nzima. Keneli inamsimamisha, inasoma jina, inaandaa rekodi, ndipo kichujio kinaamua itupwe au ibaki. Kichujio kinakuokoa wewe msomaji. Prosesa imeshalipa gharama. Katika umbo lake la asili, kwenye prosesa za x86, mtego ni baiti moja tu inayowekwa juu ya maelekezo halisi, na prosesa ikiikanyaga inaruka kwenda kuandika, halafu inarudi kutekeleza kile kilichofunikwa. Pale inapowezekana keneli hutumia njia nyepesi zaidi, lakini hakuna njia ya bure. Fanksheni inayoitwa mara mia kwa sekunde haina neno. Inayoitwa mara milioni, kama zile za kugawa kumbukumbu, itaifanya seva iliyokuwa ikihema ikate roho. Wakati mtego unafanya kazi, chungulia kprobe_profile: safu ya kwanza ya namba ni mara ulizonasa, ya pili ni mara zilizokuponyoka. Ya pili ikipanda, usijenge hoja kwa hesabu hizo.

Mtego ukikataliwa tangu mwanzo, soma error_log. Keneli za 5.2 na kuendelea hukuonyesha hata herufi ambapo mstari wako umekosea. Wakati mwingine mstari hauna kosa, ila kompaila imeimeza fanksheni ndogo ndani ya kubwa, kwa hiyo kwenye keneli yako haipo tena kwa jina hilo. Fanksheni nyingine zimepigwa marufuku kwa sababu zinatumiwa na mtego wenyewe. Na mtego uliofaa mwaka jana si lazima ufae leo: kabla ya 5.6 watu walitega do_sys_open, kisha toleo likabadilika mwaka 2020 na skripti zao zikabaki kimya.

Jambo la adabu: rekodi hizi zina majina ya mafaili ya watu. Usizitume kwenye kundi la ofisi zikiwa nzima.

Kuondoa kuna hatua mbili, kwa mpangilio huu:

echo 0 > events/zamu/fungua/enable
echo '-:zamu/fungua' >> dynamic_events

Kisha `cat dynamic_events` uhakikishe mstari wako haupo. Ukiruka hatua ya kwanza utajibiwa "Device or resource busy", na hapo kosa ni dogo. Taabu ni pale ambapo umeshazima na bado unajibiwa hivyo hivyo. Pengine zana nyingine ya ufuatiliaji, kama perf au bpftrace, bado imeushikilia, basi ifunge. Pengine mtu ameuwasha ndani ya saraka ya instances, ambako kila mmoja anaweza kuwa na ukumbi wake wa kurekodi, wenye swichi zake mwenyewe zisizoonekana kwenye ukumbi mkuu. Tafuta:

grep -l 1 instances/*/events/zamu/fungua/enable

Jina la ukumbi litakalotokea litakuonyesha pa kuulizia. Mwenye nao akishaandika 0 upande wake, rudia mstari wa kufuta, na mtego utaondoka bila ubishi.