Filamu hukuchagulia wa kumshangilia

Wapo ndugu zetu wanaosema filamu ni burudani tu: mtu anaangalia, anacheka, kisha anakwenda kulala. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni filamu mbili ambazo wengi tuliokulia mjini tunazifahamu, maana zilipendwa sana katika mabanda ya video.

Ya kwanza ni Rambo III ya mwaka 1988. Sylvester Stallone anakwenda Afghanistan kumkomboa kamanda wake aliyetekwa na Warusi, na wanaomsaidia ni mujahidina, wenye vilemba na ndevu zao. Wanasimulia watoto wao waliouawa. Yumo kijana mdogo anayemzoea Rambo hadi mtazamaji anamwonea huruma. Mwishoni filamu inatunukiwa watu mashujaa wa Afghanistan. Wakati huo, msomaji, serikali ya Marekani ilikuwa ikiwapa mujahidina silaha wapigane na Urusi.

Ya pili ni True Lies ya mwaka 1994. Dola ya Kisovieti ilikwisha sambaratika mwaka 1991. Sasa Arnold Schwarzenegger anapambana na magaidi wa Kiarabu, na kundi lao limebandikwa neno "Jihad" katika jina. Mke na binti anao Schwarzenegger peke yake. Wale wengine hawana mama, hawana nyumba. Kiongozi wao anarekodi vitisho, betri ya kamera inaisha, ukumbi mzima unacheka. Kweli, yumo Mwarabu mmoja mwema, lakini ni kachero wa Marekani.

Baina ya filamu hizo ni miaka 6 tu. Je, Uislamu ndio uliobadilika? La hasha! Aliyebadilika ni adui wa Marekani. Na hakuna filamu kati ya hizo iliyosimama kuhutubia. Itikadi ilipita katika jambo dogo: nani apewe mtoto wa kumlilia, na nani afe bila jina. Kijana wa Kiislamu pale bandani alipiga makofi mara zote mbili, na hakuona tofauti.

Tusidhani kuwa haya ni bahati mbaya tupu. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina ofisi maalumu ya kushughulikia watengeneza filamu. Anayetaka ndege au manowari zake hupeleka kwanza andiko la filamu lisomwe, na akitakiwa kulibadilisha akakataa, vifaa hapati.

Atakayesema Waislamu tunalalamika mno, namwelekeza kwa Jack Shaheen, Mmarekani wa asili ya Lebanon, naye alikuwa Mkristo. Mwaka 2001 alitoa kitabu kilichopitia filamu zaidi ya 900 zenye Waarabu, na alichokikuta kwa wingi ni magaidi, masheikh walafi na wachezaji wa tumbo.

Hata watoto hawakuachwa. Katika Aladdin ya mwaka 1992, wimbo wa mwanzo ulisema kwamba katika nchi ile mtu hukatwa sikio kwa kuchukiwa sura tu. Waarabu wa Marekani wakapinga, na mwaka 1993 maneno hayo yakabadilishwa katika kanda za video. Lakini neno linaloiita nchi ile ya kishenzi liliachwa palepale. Liliondolewa katika filamu mpya ya mwaka 2019, wakati watoto waliouimba wimbo ule wana watoto wao.