Kabla Hujapaka: Maswali Matano kwa Mshauri wa Ngozi



Ndugu zangu, somo la leo linahusu muamala ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa muamala: kukaa mbele ya mtu anayetushauri kuhusu ngozi, kisha kununua anachotuuzia. Kwetu Rumonge ushauri huu mara nyingi hutolewa saluni au kwenye meza ya vipodozi sokoni, na mshauri ndiye muuzaji. Hilo peke yake si haramu, lakini linatulazimu kuuliza.

Likizo iliyopita nilimsindikiza binti wa shangazi yangu, mwenye chunusi na madoa meusi shavuni. Muuzaji hakumwuliza dawa anazotumia. Alichota krimu kutoka makopo matatu, akazikoroga ndani ya kikopo kisicho na jina, akaahidi uso mweupe kwa wiki moja. Hatukununua. Lau angejibu maswali haya matano, tungekuwa na la kupima.

1. Umesomea wapi? Katika hadithi iliyopokelewa na Abu Dawud, anayejitia kutibu bila kujulikana kwa elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara. Kuuliza elimu ya mtu si utovu wa adabu.

2. Tatizo langu ni nini? Chunusi, fangasi na mzio hufanana machoni, lakini tiba zake ni tofauti. Anayetaja krimu kabla ya kutaja ugonjwa anauza, hatibu.

3. Ndani mna nini? Dai kopo lililofungwa na lebo yake. Lebo nyingi za kwetu ni za Kifaransa; neno mercure maana yake ni zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na huharibu figo. Hata mtoto anayeguswa na mama aliyejipaka anaweza kudhurika. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka ya bluu-nyeusi yasiyotoka kirahisi. Krimu kali za steroidi, kama klobetasoli, hufanya ngozi iwe nyembamba na huleta michirizi na chunusi mpya. Mkorogo usio na lebo unaweza kuwa na zote tatu.

4. Itachukua muda gani, na nikidhurika nifanye nini? Matibabu ya kawaida ya chunusi huhitaji takriban wiki 6 hadi 8 kabla ya kuonesha nafuu, na madoa huchukua miezi. Ahadi ya wiki moja itilie shaka.

5. Nisiponunua, kuna njia gani nyingine? Mshauri mwaminifu atakutajia hata isiyompa faida: kuacha kutumbua chunusi, kujikinga na jua, kwenda kituo cha afya.

Serikali nazo zimeliona jambo hili. Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990, na majirani zetu Rwanda walianza msako wa krimu za kujichubua mwishoni mwa 2018. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025. Lakini mkataba hausimami nawe sokoni, unasimama mwenyewe.

Tukirudi kwenye dini: kutibu ugonjwa wa ngozi ni katika kutafuta dawa, jambo tulilohimizwa. Kujichubua ili kubadili rangi uliyoumbwa nayo ni jambo jingine, na madhara yake yanatosha kulizuia. Tunajua pia kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipoingiza mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea muuzaji. Hakutazama juu tu. Nasi tusitazame picha za kabla na baada; tuingize mkono ndani ya rundo.

Kama tayari unatumia krimu usiyoijua, usione haya. Ipeleke na kopo lake kwa daktari akuelekeze namna ya kuiacha, kwani steroidi ikikatwa ghafla ngozi inaweza kuwaka zaidi.

Wallahu a'lam.